Mikwaruzo Kwenye Masafa Mafupi

Jumatatu, 3 Machi
Barua imefika! Dada yangu amerekodi salamu redioni. Sijaisikia sauti yake tangu nilipokimbia kwetu, miaka thelathini na moja. Kijijini kwake simu haifiki. Salamu zitatangazwa Jumapili saa kumi alasiri, masafa mafupi. Nikawasha redio kujaribu. Mikwaruzo mitupu! Ni cherehani ya umeme ya jirani, ng'ambo ya ukuta. Mwanamke yule hana haya.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwendea kwa adabu. Nikamweleza habari za salamu za dada za Jumapili, na kwamba mota yake inatoa mawimbi ya redio, ndugu wa mwanga, joto na eksirei, tofauti ni urefu wa wimbi tu. Akajibu, pini mdomoni, kwamba ana sare za shule nzima za kushona, na mimi mzee nikitaka kimya nihamie makaburini. Makaburini! Mimi, niliyefundisha fizikia miaka ishirini!

Alhamisi, 6 Machi
Dawa yake nimeipata. Karatasi ya aluminiamu, ile ya kufungia chakula! Wimbi la redio halipenyi hapo. Nimeibandika ukuta mzima wa upande wake. Mikwaruzo imepungua, haijaisha. Inazungukia dirishani, fidhuli hii.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeziba dirisha, dari, mlango, kuta zote. Shemeji, mdogo wa mke wangu anayeishi nasi, alishika ngazi, akinung'unika kwamba sasa tunaishi ndani ya sufuria. Mke wangu akauliza salamu za wifi yake zitaingilia wapi. Nikamwambia asiniletee mambo ya jikoni kwenye sayansi. Redio kimya kabisa. Nimeshinda!

Jumapili, 9 Machi
Saa kumi kamili. Kimya. Saa kumi na robo. Kimya! Nimezungusha kitufe mpaka kimeng'oka. Watangazaji wazembe!
Saa kumi na moja jirani akapiga hodi, macho mekundu. Kumbe alizima cherehani kwa ajili yangu, akafungua redio yake mwenyewe. Akasema dada yangu ana sauti nzito kama yangu. Dada alinitaja kwa jina la utotoni, akacheka, kisha akashindwa kumaliza. Salamu hurudiwa Jumatano, jirani akasema, niende kwake tusikilize pamoja.
Nikamfungia mlango usoni.

Jumatatu, 10 Machi
Nimetafakari asubuhi nzima. Sauti ya dada yangu ilikuwa njiani kuja kwangu, mwizi yule akaidaka. Hanipati tena. Nimekagua chumba pembe hadi pembe, na kosa langu nimeliona: sakafu. Shemeji ameshakwenda dukani kuleta karatasi nyingine.