Kibali cha Chumba cha Darlène

Jumatatu, 4 Novemba
Kibali kimetoka! Kamati ya mtaa imeniruhusu kuongeza chumba. Mke wangu Darlène aliondoka hapa kambini Dzaleka miezi saba iliyopita, akaenda kushona kwa dada yake mjini, mtaa wa Mchesi. Alichoka kulala chumba kimoja na mama yangu na cherehani yangu. Sasa atarudi. Upande wake wa godoro sijaugusa.

Masharti matatu. Nijenge kwa matofali ya udongo. Niache hatua mbili kati ya ukuta wangu na wa jirani Bucumi, maji ya mvua yapite. Nishone bure majoho ishirini ya kwaya ya mwenyekiti wa kamati, Mama Générose. Majoho yanahusiana nini na chumba?

Jumanne, 5 Novemba
Nimemwona Maître Guy, aliyesoma sheria Bukavu hadi mwaka wa pili. Amesema sharti lisilohusu ujenzi ni batili. Ni mfuko uliobandikwa tu: ukifumuliwa, shati linabaki. Lakini la pili nisiliguse. Hilo ni bega. Bila hilo kamati isingeniruhusu kabisa, na likitoka kibali chote kinaanguka.

Nilisikiliza hadi "shati linabaki". Fundi wa nguo ni mimi au yeye?

Alhamisi, 7 Novemba
Nimewapelekea hoja ya Maître Guy, kamati imefuta majoho. Mama Générose hanisalimii.

Nimepima. Nikiacha hatua mbili, kitanda kile cha soko la Tsoka hakiingii. Darlène alikipapasa kile kitanda sokoni, akasema siku moja tutakinunua. Siku saba kwa wiki nakumbuka mkono wake pale kwenye mbao.

Nimechukua mkasi, nikakata sharti la pili kwenye barua ya kibali. Mama ameuliza nakata nini. Mfuko, nimemwambia.

Jumamosi, 9 Novemba
Ukuta umefika kifuani. Nimesimama pale kitanda kitakapokaa, nikasema jina lake taratibu. Kumbe Bucumi anachungulia. Akauliza maji yatapita wapi. Nikamwonyesha barua. Akauliza mbona ina tundu katikati.

Jumatatu, 11 Novemba
Mvua ya kwanza. Maji yameingia kwa Bucumi, yakabeba sufuria yake ya nsima, ugali wa huku, kisha yakaangusha ukuta wangu. Kamati imefuta kibali chote. Mama Générose amenisalimia vizuri sana.

Jumatano, 13 Novemba
Darlène amekuja kuona chumba. Ameona tope. Amenifuta udongo sikioni kwa kitambaa chake, nikatamani udongo usiishe. Kisha akasema, "Evariste, mi nitarudia hapa, lakini masharti iko tatu." Niombe kibali upya. Nimwombe Bucumi msamaha. Nisimfiche kitu tena. Ameyaandika, nikatia sahihi bila kusoma, maana nilikuwa namtazama yeye. Akapanda minibasi ya saa tisa.

Karatasi bado inanukia sabuni yake. Nimeisoma hadi giza. Sharti la kwanza ni bega, nalikubali kwa moyo wote. La pili na la tatu, nikiyaangalia vizuri, hayahusu ujenzi.

Nimenoa mkasi.