Barakoa ya Bi Zeyana Gazetini

Jumatano, 1 Juni 1955

Jirani yangu Majid ametoka gazetini tena! Barua kuhusu mbuzi wanaozurura mtaani kwetu Gongoni. Jina lake kamili, na chini yake "Tabora". Amekuja nalo barazani tangu kahawa ya asubuhi, akalisoma kwa sauti, kisha akaniuliza kama macho yangu bado yanaziona herufi ndogo. Mimi nawaandikia Tarumbeta tangu gazeti lilipoanza. Kuhusu reli. Kuhusu sarufi yao mbovu. Kuhusu dagaa wa Ujiji, ambao watu wa hapa hawajui kuwapika. Hawajachapa hata nukta.

Nilishuka Tabora nikiwa kijana, kusubiri treni ya kwetu Ujiji. Ndevu zimekuwa nyeupe, bado nasubiri. Mtu aliyezeekea ugenini anastahili walau kuchapwa jina.

Alhamisi, 2 Juni

Bahati! Mwandishi wa Tarumbeta ameshuka mwenyewe, kamera shingoni. Kijana, anaitwa Eustace, viatu vyeupe ambavyo vumbi letu limekwisha kuvifundisha adabu. Anatafuta mwanamke wa Kiislamu wa njia ya zamani ya misafara, mwenye barakoa usoni, asiyetoka nje. Nikamwambia barakoa hazivaliwi tena hapa. Zimelala masandukuni na mambo ya bibi zetu. Akasikitika. Akanionyesha kichwa cha habari: WAFUNGWA WA TABORA. Kumbe alikiandika ndani ya treni, karibu na Morogoro! Hajaona hata mlango mmoja wa mji huu. Nimeduwaa.

Akasema atakayempatia mwanamke huyo atatangazwa kuwa Mwandishi Wetu wa Tabora. Nikaacha kuduwaa.

Ijumaa, 3 Juni

Nimemwomba Bi Zeyana. Ni mjane wa rafiki yangu, mwenye duka la nguo, na mwenye nyumba hii. Chumba changu cha uani hanitozi kodi. Nikamweleza kwa upole kwamba gazeti linatafuta mama aliyefungiwa. Alikuwa juu ya ngazi akipanga majora ya kaniki, penseli nyuma ya sikio. Akauliza amefungiwa na nani. Akaniambia basi nishike ngazi.

Jumatatu, 6 Juni

Siku kubwa. Bi Zeyana ameanika nguo za sandukuni zisiliwe na nondo, kisha akapanda lori kwenda Nzega kuuza khanga. Binti yake Fakhria yuko shuleni akifundisha. Na kwenye kamba, barakoa ya marehemu mama yake! Hariri nyeusi, uzi wa dhahabu, kiraka cha umbo la mwezi pembeni kushoto. Buibui likining'inia kando yake. Ni kama vilikuwa vinanisubiri.

Nikamwambia Eustace nimempata mama wa barakoa, amekubali kukutana naye katika nyumba tupu nyuma ya soko, ila mimi, kwa heshima, sitakuwepo.

Nikavaa barakoa na buibui mwenyewe, nikaketi. Nikatoa sauti nyembamba. Akauliza kama nimewahi kwenda sokoni. Nikajibu, kila siku. Kalamu ikasimama, uso ukamshuka. Akauliza kama najua kusoma. Nikajibu ndiyo, hata makosa yenu nayaona. Kalamu bado imesimama! Nikamhurumia. Nikasema sokoni sijawahi kufika, wala kalamu sijawahi kuishika. Kalamu ikakimbia kama treni kwenye mteremko. Sikujua uongo huandikwa haraka hivyo.

Picha ikapigwa. Barakoa imerudi kambani kabla ya lori.

Alhamisi, 16 Juni

Mungu wangu! Limetoka. Nusu ukurasa mzima ni mimi! Chini ya picha: "Bibi huyu wa Tabora hajawahi kuona soko wala kushika kalamu. Macho yake yanaomba msaada." Macho yangu yalikuwa yakiwashwa na vumbi la sandukuni! Na jina la mwandishi ni Eustace, Eustace peke yake. Nimetafuta langu hadi kwenye matangazo ya sabuni. Majid naye kanisaidia kutafuta, kwa furaha.

Hilo dogo. Kiraka kimeonekana. Hakuna mwanamke wa Gongoni asiyekijua kiraka kile. Marehemu alikwenda nacho arusini na misibani kwa miaka. Kufika alasiri mji mzima unasema Bi Zeyana amekwenda kuwalilia watu wa magazeti. Mama yake Salmini, ambaye Jumamosi alikuwa alete posa ya mwanawe kwa Fakhria, ametuma neno kwamba posa ingoje. Anataka kwanza kujua mwanawe anaoa katika nyumba inayouza nguo au katika jela.

Fakhria hakula. Salmini anampenda, na yeye anampenda Salmini; hata mimi wa chumba cha uani najua.

Ijumaa, 17 Juni

Nimetengeneza mpango. Nitasema barakoa zenye viraka ziko nyingi, na hiyo ni ya ukoo wa Majid.

Sikufika mbali. Fakhria alikuwa dukani, gazeti kalilaza juu ya meza, pua karibu iguse karatasi. Haangalii barakoa. Anaangalia mkono ulioshika ukingo wa buibui: kidole cha shahada kimepinda, na kina wino hadi kwenye kifundo. Juu ya maneno "wala kushika kalamu". Nikauficha mkono katika kanzu, nikapita polepole kama mtu anayekwenda msikitini. Nyuma yangu nikasikia, kwa adabu kabisa:

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu," nikaitikia. Na tena kwa ile sauti nyembamba!

Umri wote huu wa kuitikia salamu, leo imenimaliza.

Bi Zeyana hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu. Alishuka ngazi, akalitazama gazeti, akanitazama mimi.

"Selemani, mama yangu alitembea toka pwani mpaka hapa kwa miguu, na barakoa hiyo usoni. Wewe umemfungia wapi?"

Kisha akaniambia nifunge virago, au kesho nivae tena barakoa na buibui mbele ya mama yake Salmini. Nikauliza kama kuna njia ya tatu. Hakuna.

Jumamosi, 18 Juni

Nimevaa. Nimeketi vilevile, magoti mbalimbali. Mama yake Salmini akaangalia gazeti, akaniangalia mimi, akaangalia gazeti. Akaniomba niseme macho yangu yanaomba nini. Nikasema, kwa sauti nyembamba, yanaomba chai. Alicheka hadi akakalia majora ya kaniki. Posa inakuja kesho! Fakhria amekula sahani mbili.

Majid alichungulia mlangoni. Sitaki kuandika uso wake ulivyokuwa.

Bi Zeyana amemwandikia mhariri. Amesema yeye husoma Tarumbeta kila wiki, ana duka na ngazi, na aliye pichani ni mwanamume mzee asiyeonewa na mtu yeyote, ingawa yeye ameanza kulifikiria jambo hilo. Nikajitolea kumsahihishia sarufi. Hakukuwa na kosa. Nimeshtuka zaidi ya siku ya picha.

Alhamisi, 30 Juni

Barua imechapwa! Lakini habari ya mzee imekatwa yote. Na aliyeandika, kwa mujibu wa gazeti, ni "Bwana Zeyana bin Seif". Bi Zeyana aliandika "bint", nimeona kwa macho yangu. Wao wakadhani hiyo "t" ni kosa la kalamu, wakaisahihisha! Chini mhariri ameongeza: "Tunamshukuru Bwana Zeyana kwa kuwasemea wanawake wasioweza kujisemea."

Mimi mwanamume wamenifanya mwanamke. Yeye mwanamke wamemfanya mwanamume. Nusu saa nzima sikuweza kunywa kahawa. Bi Zeyana aliisoma mara mbili, akamfungia mteja khanga kwa ukurasa huo.

Jumatatu, 4 Julai

Barua kutoka kwa mhariri! Bwana Zeyana ameteuliwa kuwa Mwandishi Wetu wa Tabora. Cheo changu! Eustace anakuja Alhamisi kumpiga picha. Bi Zeyana amesema kazi ameikubali, na kijana na aje, atamkuta juu ya ngazi.

Namwonea huruma kijana huyo. Kichwa cha habari atakuwa amekwisha kukiandika Morogoro. Anatazamia mwanamume, mtu mzima, mwenye heshima zake na wino kidoleni. Atapata mshtuko.

Leo Bi Zeyana ameanika joho la marehemu mumewe. Nimelijaribu. Mabegani limenikaa sawasawa.