Nilivyokufa kwenye Fomu ya Binti Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu anaomba chuo cha udaktari. Baiolojia A. Kemia D, fizikia D. Fomu ina kisanduku: eleza mazingira yaliyoathiri matokeo yako. Kaandika ukweli, maskini. Kwamba muhula wa mitihani mama yake alilazwa siku arobaini, na yeye ndiye aliyemuuguza. Kanipa nipeleke chuoni, kwa kuwa duka la dawa anakofanya kazi hawampi ruhusa. Nimesoma. Hakuna uzito. Nani hajauguza? Kijana wa jirani yangu, fundi cherehani, aliandika homa ya matumbo na akapita, na mtaa mzima unajua alikuwa akicheza mpira. Nimeomba msamaha wa Mungu mapema, nisije nikasahau. Kisha pale penye "aliugua" nimekwangua kwa wembe, nikaandika "alifariki". Mwandiko umekaa sawa kabisa. Hata mimi nilijisikitikia.

Jumanne, 4 Machi
Nimepeleka fomu. Karani wa udahili kasoma, kanipa pole, kauliza mimi ni nani wa marehemu. Nimesema mdogo wake. Ulimi hauna mfupa. Akasema haya, mama mdogo, lete barua ya hospitali ya kuthibitisha kifo. Usaili ni Jumatano ijayo. Hilo sikuliwazia. Wakati wa kutoka nimemuaga mlinzi wa geti. Hakuitikia. Nilipoingia, huyo huyo aliniita mama, akanifungulia.

Alhamisi, 6 Machi
Hospitali. Nilijiandaa na hadithi ndefu ya mkoba ulioibwa. Sikuitumia. Mtunza mafaili kaingiza jina langu kwenye kompyuta, katoa barua yenye muhuri, kasema pole, dada. Mgonjwa wa kitanda cha sita. Alifariki Oktoba kumi na nne, saa tisa mchana. Nimemwomba ahakikishe. Kanionyesha saini mbili. Nilipaswa kufurahi, na kidogo nilifurahi, maana barua ni halali, sikughushi kitu. Lakini mchana ule naukumbuka. Nililala, nikaamka shuka limenifunika kichwa, uso tu umefunuliwa. Nikadhani muuguzi kanikinga na nzi.

Jumapili, 9 Machi
Ibada. Mhudumu huhesabu watu benchi kwa benchi, huandika kwenye daftari. Benchi letu kaandika saba. Nimehesabu mwenyewe: tulikuwa wanane. Nikamnong'oneza jirani wa benchi kwamba pamekosewa. Akajifunika mtandio, akamwambia mwenzake kuna upepo unamwingia sikioni. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Nikaimba kwa nguvu zangu zote. Hakuna aliyegeuka. Nikiimba, watu hugeuka siku zote.

Jumatano, 12 Machi
Usaili. Barua ya hospitali nimeiacha mezani kwa karani, nimekaa kiti cha nyuma kama mama mdogo. Binti hajui lolote. Nilikusudia kumweleza njiani, nikaona nisimvuruge. Daktari mkuu wa jopo kampa pole, kamwomba asimulie kifo cha mama yake. Binti kageuka, kanitazama. Macho yale nitazikwa nayo. Akasema mama yake hajafa, mama yake ni yule pale.

Daktari akatazama nyuma. "Yupi, mwanangu?"

Nikasimama. Nikapunga mkono. Daktari wa pembeni akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akatikisa kichwa.

Basi binti akasimulia yake. Kwamba mchana mmoja wauguzi walinikatia tamaa, wakanifunika, wakaenda kuandika kifo. Yeye akanifunua. Akanigeuza ubavu, akanisafisha koo kwa kidole, akakataa kutoka hadi nikapumua. Asubuhi yake akaenda kwenye mtihani wa kemia. Hajawahi kuniambia. Nimelia kwa sauti. Hakuna aliyenipa hata kitambaa.

Ijumaa, 14 Machi
Barua ya chuo imefika. Nafasi wamempa, wamesifu mikono yake. Ila kuna sharti: ifikapo Jumatatu alete uthibitisho wa hospitali kwamba mama yu hai, la sivyo jina linafutwa kwa udanganyifu na haruhusiwi kuomba tena. Ndoto yake tangu yuko darasa la tatu. Kasema, mama, twende wote kesho kwa mtunza mafaili, tuseme ukweli, yaishe. Ananishika mkono kila dakika, kama mtu aliyeshika karatasi penye upepo. Nimemwambia sawa, mwanangu.

Lakini ukweli mtupu unachelewa, na Jumatatu si mbali. Pamoja na barua wameleta fomu ya masahihisho, nayo ina kisanduku cha maelezo. Nimeandika kwamba aliyekufa ni pacha wangu, hospitali ikachanganya majina. Sijawahi kuwa na pacha. Nimemtungia jina zuri na tarehe ya kuzaliwa, ambayo ilikuwa rahisi. Wino haujakauka, mtu kabisha mlangoni. Mara mbili, kisha kucha zikapita kwenye mbao, namna ninavyobisha mimi. Binti kanitazama, katazama mlango, rangi imemtoka.

Nimemwambia akafungue upesi. Kama ni huyo pacha, shahidi tumempata.