Bomba Limepona, Mama Siwema Rudi

Jumatatu, 5 Mei

Bomba nimelishinda! Sabuni ya mche tu. Nimeisugua kwenye ufa mpaka ikajaa kama siagi kwenye mkate. Maji kimya. Mimi Mudi, niliyeishia darasa la tatu, na Kilosa nzima hakuna wa kunifundisha bomba.

Naandika kwa sababu jioni hakuna wa kumwambia. Zamani nilikuwa namwambia mke wangu, mama Siwema, yeye anachambua mchele, anaguna. Sasa yuko Mikumi kwa binti yetu Siwema. Wiki iliyopita aliteleza hapa jikoni kwenye maji ya bomba hili, akaangukia nyonga. Hakuvunjika, alhamdulillahi. Ila alifunga mzigo wake. Alisema atarudi siku Godfrey fundi bomba akiingia humu akatengeneza. Nikamwambia Godfrey hatii mguu hapa. Akasema basi na yeye hatii.

Godfrey! Mwaka jana alifungua koki niliyofunga mimi pale msikitini, akauliza mbele ya watu ni mtoto gani alikuwa anacheza hapa. Watu wakacheka. Na mama Siwema akacheka, nilimsikia upande wa wanawake.

Sinki hili nililiweka kwa mikono yangu, la kwanza mtaani kwetu Mabwerebwere, ili asiiname tena na mabeseni kule uani, mgongo wake unamsumbua. Bomba nililikata mwenyewe kwa kisu cha moto. Halafu mtu aje alifungue? Thubutu!

Jumanne, 6 Mei

Nimechemsha mihogo, nikamwaga maji ya moto kwenye sinki. Sabuni yote imeyeyuka, imeshuka na povu. Sakafu imetakata sana, hiyo nayo ni faida.

Nilishampigia mama Siwema asubuhi kujisifu, nikaona aibu kurudi nyuma. Jioni nikampigia tena, nikasema bomba limepona. Akaniambia niweke simu chini ya sinki asikilize. Nani kamfundisha mambo haya? Nikaweka. Tukasikiliza wote wawili. To... to... to... Akauliza, baba Siwema, hicho ni nini? Nikasema saa. Akasema saa yetu ilikufa Siwema hajaolewa bado. Akakata.

Lakini kabla hajakata nilisikia pumzi yake. Nikabaki na simu sikioni, imeshakatika, kama mjinga. Mihogo ilikuwa migumu. Yeye huwa anaitia nini?

Alhamisi, 8 Mei

Tyubu ya baiskeli! Nimeipata kwa jirani yangu Budeba, Msukuma mwenye ng'ombe, mtani wangu huyo. Akataka kujua ya nini. Nikasema ya kazi maalumu. Akasema kazi gani maalumu, mtaa mzima unajua umekimbiwa kwa sababu ya maji ya vyombo. Eti kwao mke akiondoka mwanamume anaswaga ng'ombe kwenda kuomba radhi, mimi nakwenda kufunga mpira! Mtani hakasirikiwi. Nilimwambia ng'ombe wake wenyewe wakimwona wanageuza shingo.

Nikazungusha tyubu, nikaikaza kwa meno. Pale palipovuja, pakavu kabisa! Maji yakahamia kwenye kona. Nikafunga kona. Yakahamia karibu na ukuta. Bomba sasa nene kama shina la mgomba, na linavuja kwa heshima zaidi.

Godfrey akapita na pikipiki yake, akasimama mlangoni. Akanipa shikamoo. Nikaitikia marahaba, heshima ni heshima, ila niliitikia puani. Akasema mzee, hiyo elbo ya kona imepasuka, ni kubadili tu, hata hela sitaki. Hata hela hataki! Kiburi gani hicho? Nikamwambia bomba langu zima. Akatazama miguu yangu. Kandambili zilikuwa zinalia chwa, chwa.

Ijumaa, 9 Mei

Nimeswali, nikapanda basi la Mikumi kumfuata mwenyewe. Nimevaa kanzu ile aliyoipiga pasi kabla hajaondoka. Nilikuwa naitunza. Nimembebea njugu mawe. Njia nzima napanga maneno, mazuri kabisa.

Siwema ana mgahawa pale malori yanapoegeshwa. Nikamkuta mama Siwema kakaa kwenye kiti cha plastiki anakaanga chapati. Madereva wanamwita bibi, bibi ongeza moja, na yeye anacheka. Anacheka! Mimi nyumbani natafuna mihogo migumu.

Maneno yote yakapotea. Nikauliza nyonga inaendeleaje. Akasema haijambo. Akaniwekea chapati mbili, ya tatu akaificha chini ya hizo mbili, kama afanyavyo nyumbani. Nusura nilie. Moshi wa malori.

Laiti ningeishia hapo! Nikaliona bomba la sinki la Siwema, limenyooka kama la hospitali. Nikasema limelegea. Halikuwa limelegea. Nikalikaza kidogo tu. Likalia ka! Maji ya vyombo yote kwenye unga. Siwema akasema baba, nakuheshimu sana, ila basi la Kilosa linaondoka sasa hivi.  Mama Siwema alijiziba mdomo kwa khanga. Alikuwa analia au anacheka? Nimewaza hilo mpaka nimefika nyumbani.

Jumapili, 11 Mei

Akili imekuja yenyewe! Nimelimwagia bomba nta ya mshumaa, juu yake tyubu, juu yake kipande cha gunia. Bado linadondosha. Lakini chini nimetega ndoo, ndani yake nimetandika tambara. Tone likianguka halisemi!

Nikampigia. Nikaweka simu chini ya sinki. Kimya. Kimya kirefu, nikadhani salio limeisha. Halafu akauliza, baba Siwema, umekula? Nikasema nimekula wali kwa kuku.  Akasema Jumanne anakuja.

Anakuja! Nimefagia mpaka uvunguni. Kitandani nalala upande wangu. Wake naulinda na mto, kama siku zote hizi, nisije nikauzoea.

Jumanne, 13 Mei

Kashuka kwenye bajaji, anachechemea kidogo. Nikambebea mzigo. Budeba akapiga mluzi, akauliza ng'ombe ulilipa wangapi. Sikumjibu, nilikuwa mkubwa leo.

Akaingia jikoni, akainama, akatazama chini ya sinki muda mrefu.  Akabandika maharage. Nikakaa kwenye mkeka, nasikiliza mwiko unavyogonga sufuria. Nikasema sasa dunia imerudi mahali pake.

Akachuja maharage kwenye sinki. Maji ya moto. Nta! Bomba likajivua nguo zote, tyubu, gunia, vyote chini, pwaa! Maji mpaka kwenye vidole vyake.

Nikasubiri afunge mzigo. Badala yake akakaa kwenye kigoda, akacheka mpaka akashika nyonga. Akasema tambara alilisikia. Tone likianguka kwenye tambara linasema pu, pu, na yeye kafua nguo zangu maisha yake yote, asijue? Nikamuuliza, sasa ulikuja kwa nini? Akasema mtu aliyefikia kulaza tambara kwenye ndoo, huyo hajala.

Nikatoka uani. Vumbi liliingia machoni, nikakaa huko kidogo.

Niliporudi Godfrey yuko chini ya sinki. Kumbe mama Siwema alikuwa kampigia tangu Mikumi! Akabadili elbo, chai yake haijapoa. Sikumfukuza. Nilimshikia tochi, huku nikimpa maelekezo.

Jumatano, 14 Mei

Nimetoka kuswali alfajiri, mama Siwema bado kalala, anakoroma kidogo. Sauti nzuri. Sinki kavu.

Ukweli uandikwe. Kazi kubwa niliifanya mimi, Godfrey alimalizia. Na mama Siwema hakurudi kwa elbo ya Godfrey. Alipopanda basi elbo bado mbovu. Alirudi kwa tambara langu!

Nilitaka kuacha kuandika, maana wa kumwambia yupo. Ila kuna jambo moja haliambiki. Bomba la bafuni. Linadondosha. Kidogo tu. To. Kandambili zake nimeziinua, nimeziweka dirishani zisilowe. Mshumaa umebaki nusu.

Nakwenda kwa Budeba kabla mama Siwema hajaamka. Safari hii nitaomba tyubu ya pikipiki. Ile nene.