Kuhusu Kufufuka kwa Rubani Fayaz Siku ya Jumanne

Kiponda, Mji Mkongwe,
Unguja.
8 Novemba 1998

Kwa Mkuu wa Vipindi,
Televisheni ya Mizingani.

Ndugu Mkuu wa Vipindi,

Marehemu, kama neno hilo linavyotumiwa na watu wa mji huu, ni mtu aliyetimiza masharti matatu: kwamba amekufa, kwamba habari ya kufa kwake imewafikia jamaa na majirani kwa njia ya kuaminika, na kwamba hatarajiwi kuonekana tena kabla ya Siku ya Kiyama. Anayepungukiwa na sharti moja ana majina mengine: mgonjwa, msafiri, au mgombea aliyeshindwa uchaguzi. Nimesomesha hisabati skuli ya sekondari kwa sehemu kubwa ya umri wangu, na sipendi kuona neno likitumika pale ambapo masharti yake hayakutimia. Ndiyo maana nakuandikia, kwa heshima zote, juu ya kijana mmoja ambaye kituo chako kilimfanya marehemu Jumanne moja ya mwezi uliopita, na Jumanne iliyofuata kikamwonyesha yuko mezani anakula mayai.

Namkusudia Fayaz, mwanafunzi wa urubani wa jeshi katika ule mchezo wa mfululizo mnaotuletea kutoka Bara Hindi kila Jumanne baada ya Isha. Ikiwa msaidizi atakayeifungua barua hii hautazami, mambo ni haya: vijana kadhaa wamejiunga na chuo cha anga, mwalimu wao ni kapteni mwenye masharubu asiyecheka, kila kijana anataka kuruka peke yake kabla ya mwenzake, na nyimbo, nashukuru, ni chache. Fayaz ndiye hodari wao. Jumanne ile ndege yake iliingia mlimani. Jumanne ya pili yake alikuwa bado anafundishwa kuwasha injini. Nimezingatia maelezo yote yanayowezekana, na ni moja tu linalokubaliana na ushahidi: mtu wenu wa mikanda aliionyesha kwa mpangilio usiokuwa wake. Kosa lenyewe halinigombanishi na mtu. Ugomvi wangu ni na matokeo yake, nami nayaeleza kama ifuatavyo.

1. Hitima.

Mke wangu, Bi Mwanamkasi, ni mtu mwenye akili timamu na anajua vyema kuwa mchezo ni mchezo. Anajua pia kuwa Fayaz ni jina la Kiislamu, na kwamba siku ile hakuonekana hata mtu mmoja akimsomea Fatiha. Wenzake walipiga bunduki hewani wakaenda zao. Jambo hilo lilimkosesha usingizi. Sasa, Ijumaa ya wiki ile tulikuwa na hitima ya marehemu baba yangu, Mzee Khelef. Kama ujuavyo, kabla ya dua msomaji hupewa majina ya waliotangulia, akayataja mmoja mmoja. Mwalimu Abdulla, imamu wetu, akamtaja baba, akamtaja babu, akawataja mashangazi, kisha akasita.

Akauliza: "Huyu Fayaz, bin nani?"

Nyuma ya pazia, upande wa wanawake, ikatoka sauti ninayoifahamu kuliko zote duniani: "Huyo mgeni, Mwalimu. Sema bin Adam, twende."

Mwalimu Abdulla, ambaye hana televisheni wala haitaki, akamwombea kwa huruma kubwa kuliko aliyomwombea baba yangu, kwani alidhani ni mtu aliyefia ugenini. Baada ya biriani alinivuta pembeni akaniuliza kaburi liko wapi ili siku moja apite. Nilimwambia ni mbali. Kijiografia nilikuwa nasema kweli. Tangu hapo kila tukitoka msikitini ananipa pole, nami nazipokea, ilhali wiki nzima natafuta namna ya kumweleza kuwa yule maiti amepona.

2. Ukalimani.

Bi Khatun, jirani yetu wa ghorofa ya juu, ndiye anayekijua Kihindi katika nyumba yetu, na Jumanne hushuka na mto wake wa kukalia ili atufasirie. Hata kabla ya msiba tafsiri yake haikuwa na uwiano. Kijana na msichana wakisemezana bustanini kwa muda wa kutosha kuivisha wali, yeye husema, "Wanaulizana hali." Lakini tangu Fayaz aanguke, amekataa katakata kufasiri neno lolote linalotoka kinywani mwa kapteni. "Huyu simfasirii," asema. "Kampeleka mtoto wa watu mlimani." Tulimwonyesha kuwa mtoto mwenyewe yu hai, yuko mbele yake na yai mdomoni. Akajibu, "Leo. Lakini nia anayo."

Matokeo yake ni kuwa mafunzo yote ya anga, ambayo ndiyo kiini cha mchezo, yangetupita kimya, kama si binti yangu Nada, aliyejifunza Kihindi chake senema, kuifanya kazi hiyo. Anaifanya kwa ufasaha na kwa shauku. Shauku hiyo inanileta kwenye la tatu.

3. Posa.

Nada amemaliza skuli, amefaulu fizikia kuliko nilivyowahi kuifaulu mimi, na ameitwa Dar es Salaam kwenye usaili wa mafunzo ya urubani wa jeshi. Mama yake na mimi tulikataa. Hakupandisha sauti. Alikuwa akituomba ruhusa kila asubuhi, kwa adabu, wakati anamimina chai, maana amegundua kuwa mtu mwenye kikombe cha moto mkononi hawezi kuondoka mezani.

Kisha Fayaz akaanguka. Nada alilia. Mama yake alilia. Bi Khatun alilia kwa lugha mbili. Asubuhi yake chai ilimiminwa bila ya ombi lolote, na kabla ya wiki kwisha binti yangu alikubali tuisikilize posa ya Qais. Qais ni kijana mpole, wa ukoo tunaoujua, mwenye duka la mapangaboi Darajani; yaani anauza chombo chenye mabawa yanayozunguka kwa kasi lakini ambacho, kwa rehema za Mwenyezi Mungu, hakitoki darini. Sijapata kuona kazi iliyokaribia urubani na kupishana nao mahali panapofaa namna hii. Nakiri kwamba nilikishukuru kituo chako.

Jumanne mkamfufua. Jumatano Nada akamimina chai na kuniambia: "Baba, mlima ule hauna kosa. Fayaz kachelewa kugeuza. Ningekuwa mimi, ningezunguka mapema."

Nikamjulisha kuwa marubani huanguka.

"Na wauza mapangaboi je, Baba? Juzi Qais kaanguka ngazini."

Ni kweli. Mkono wake umefungwa bandeji hadi leo. Nilitafuta kasoro katika hoja ile mpaka chai ikapoa, nisiione. Mama yake akanitazama kama anayesema kuwa mwenye kufundisha watu hoja ni mimi, basi na nizile mwenyewe.

Kwa kuwa madhara yote matatu yametokana na chanzo kimoja, tiba nayo haina budi kuanzia hapo. Naomba Fayaz arejeshwe katika umauti bila ya kuchelewa. Sisemi haya kwa chuki. Nimemzoea, na mayai yale aliyala kistaarabu. Lakini dua imeshasomwa na biriani imeshaliwa, na katika mambo yote yaliyotokea, uhai wake ndio pekee unaoweza kutenguliwa kwa kubadilisha mkanda.

Ikiwa taratibu zenu haziruhusu, basi mtume ofisa mwenye cheo cha kutosha kwa Mwalimu Abdulla, amweleze habari nzima, nami nipewe taarifa mapema ili siku hiyo niwe shamba Kidichi. Ikiwa hilo nalo ni zito, kapteni amkague Fayaz macho, aone hayafai, amwachishe chuo. Kijana afungue duka la mapangaboi, na aonyeshwe akiwa na furaha mfululizo kwa muda usiopungua miezi miwili, pamoja na mke anayempenda na ngazi iliyo imara.

Na kwa ajili ya siku zijazo, kwani tiba isiyo na kinga ni nusu ya kazi, napendekeza kanuni: kwamba hakuna rubani yeyote atakayeruhusiwa kupaa katika televisheni hadi kila mzazi wa Unguja na Pemba mwenye binti aliyefaulu fizikia awe ametamka kuwa hana pingamizi. Wakati huo wa kusubiri, ndege zionyeshwe zikiwa zimeegeshwa. Ndege iliyoegeshwa ina uzuri wake, na hupatikana nafasi ya kuiangalia vizuri.

Nisalimie wote kituoni hapo: mtangazaji wa taarifa ya habari, ambaye mke wangu anasema amekonda na angependa kujua kama anakula, fundi wa mitambo, na yule ndugu wa mikanda, ambaye simlaani. Bi Mwanamkasi anakusalimu. Bi Khatun anawasalimu nyote isipokuwa kapteni.

Ni mimi, nisiyetaka ila kila kitu kiwekwe mahali pake,

Zahran Khelef Matar
Mwalimu mstaafu wa hisabati

Baada ya kutia saini: Barua hii ilikawia mezani kwa kukosa stempu, na hali imebadilika. Usaili ni Jumatano hii. Nada hakuomba tena. Nilijikuta mimi ndiye ninayeuliza boti inaondoka saa ngapi. Nitampeleka mwenyewe. Posa ya Qais tumeirudisha kwa heshima, naye ameomba jambo moja tu, aruhusiwe kuendelea kuja Jumanne. Kwa hiyo tafadhali yapuuze maombi yote ya hapo juu, na Fayaz mwacheni hai, hasa Jumanne hii, kwa kuwa mama yake Nada atakuwa anatazama bila yetu. Limebaki jambo ambalo sijalipatia jibu, ingawa sijakosa kutazama hata siku moja. Nimeonyeshwa uwanja, nimeonyeshwa chumba cha rada, nimemwona kapteni na saa yake. Sijaonyeshwa hata mara moja baba wa mwanafunzi. Siku ile ya kwanza mtoto anaporuka peke yake, na kabla hajatua, baba mtu hukaa wapi, na mikono yake huishughulisha na nini?