Trei ya Mayai na Nyonga ya Mama

Jumapili, 4 Mei

Nimemleta Mama kwangu kutoka kwa dada yangu mdogo, anakoishi. Matuta kumi na moja. Hakusema neno njia nzima, nikadhani anafurahia safari. Kumbe alikuwa ameuma meno. Alipofika sebuleni alishika ukuta, akavuta pumzi, akatangaza mbele ya wote kwamba gari langu limeitoa nyonga yake mahali pake na kuihamishia shingoni. Nyonga yenyewe ina skrubu tangu alipoanguka mwaka jana.

Shemeji, mume wa dada, alicheka mpaka akaomba maji. Yeye ni kinyozi, amezoea kuwa na watu wasioweza kuondoka. Akasema gari langu lingefaa kupukuchua mahindi: weka gunia kiti cha nyuma, zunguka mtaa mara mbili, toa punje.

Kinachoniuma ni hiki: gari lake na langu ni mapacha. Kiwanda kimoja, umbo moja, mwaka mmoja. Lake kijivu, langu jekundu. Ndani ya lake Mama husinzia. Ana siri yule.

Halafu Mama akasema Jumamosi anakwenda kumwona Mama Mkubwa, dada yake, ambaye macho yamekwisha na miguu inafuata. Mwendo wa saa tatu, barabara ya kokoto. Atakwenda na shemeji. Nikaruka. Mimi ndiye kifungua mimba! Mama Mkubwa ndiye aliyenilea, tangu miaka minne hadi tisa! Mama akanitazama sana. Akasema haya, Ijumaa atalijaribu gari langu. Likiwa limepata utu, atakwenda na mimi.

Siku tano. Zinatosha.

Jumatatu, 5 Mei

Kazi hutaka kipimo. Mimi ni mtunza stoo wa shule. Nisichoweza kukihesabu sikiamini. Nimechukua trei ya mayai thelathini ya mke wangu, anayefuga kuku nyuma ya nyumba, nikaifunga mkanda kiti cha nyuma. Kutoka getini mpaka posta na kurudi. Mwendo sitini. Kwenye tuta sipunguzi. Kupunguza ni kujidanganya. Yaliyovunjika: kumi na matatu.

Nadharia ya kwanza: upepo. Tairi iliyojaa ni ngumu, iliyolegea ni laini. Kwenye kituo cha mafuta nikamwomba mjaza upepo autoe nusu. Akauliza kama nataka kusafiri au kulala. Nikamwambia afanye kazi yake. Trei ya pili: tisa. Maendeleo!

Nilipokuwa natoka posta kuthibitisha, nikaingia shimo. Rimu ya mbele kushoto imepinda kama sahani ya bati. Inaniuma. Rimu zangu ni kubwa, zinang'aa, unaweza kujinyolea ndevu kwazo. Nilizipata kwa shemeji mwezi wa kwanza kwa kubadilishana: yeye alinipa hizi na tairi zake nyembamba za kisasa, mimi nikampa zangu za kiwandani, rimu ndogo nyeusi na tairi nene kama mikate. Nilimpunja vibaya. Mpaka leo nikimtazama naona haya kidogo.

Chakula cha jioni: mayai.

Jumanne, 6 Mei

Rimu imegongwa nyundo, imenyooka kiasi. Upepo nimeurudisha.

Nadharia ya pili: uzito. Lori tupu huruka kama mbuzi, lori lenye mzigo hutulia. Nimetia magunia manne ya mchanga kwenye buti. Gari likakaa matako chini, pua juu, taa zikiangalia mbingu. Mke wangu akauliza kutoka jikoni kama linaomba dua.

Kwa matuta mawili ya kwanza, ulaini wa ajabu. Tuta la tatu lilishika ekzosi na kubaki nayo. Nilisikia mlio, nikadhani ni wa mwingine. Nikarudi nyumbani nikiunguruma kama kinu cha kusagia, watu wakitoka milangoni.

Mayai: kumi. Mchanga pia umo ndani ya mayai. Jioni tumeyala hivyo hivyo.

Jumatano, 7 Mei

Nimetosheka na nadharia. Adui ana siri, na siri iko chini ya gari lake.

Mchana, wakati wa mapumziko ya kazi, nilikwenda kinyozini kwake. Gari limeegeshwa nje. Nikajilaza chali, nikajiingiza chini, tochi mdomoni. Nikatazama springi. Kama zangu. Shokapu. Kama zangu. Nikazipima kwa utepe wa fundi cherehani. Sawa sawa, hata nukta. Hakuna kitu! Huyu mtu ni mchawi au ni mwongo.

Nilipotaka kutoka niliona viatu. Jozi tano. Nikatokeza kichwa. Shemeji, mashine mkononi, na wateja wake wanne, mmoja kanyolewa upande mmoja tu. Nikasema natafuta kifungo. Shemeji akasema pole sana shemeji, na kama ni usingizi, ndani kuna benchi. Yule wa nusu kichwa alicheka mpaka akashikilia bango la bei.

Kisha shemeji akaniuliza, kwa upole, na huo upole ndio ulioniudhi, kama nina shida anayoweza kunisaidia. Nikasema mimi? Shida? Nikaenda zangu na oili mgongoni.

Alhamisi, 8 Mei

Ilibidi niende kwa fundi. Anaitwa Fundi Subiri, kwa sababu hilo ndilo neno lake la kwanza kwa kila mteja. Amechomelea ekzosi, kisha akalizunguka gari mara moja. Hakulala chini. Hakupima kitu. Akapiga tairi teke dogo, akaguna.

Akasema springi ni nzima, shokapu ni nzima, mgonjwa ni mwenye gari. Kati ya rimu na barabara, akasema, panatakiwa mpira wenye tumbo, wa kumeza shimo. Mimi nimevalisha gari mkanda nikadhani ni kiatu. Akauliza magurudumu ya kiwandani yako wapi.

Nikamwambia.

Fundi Subiri akavua kofia, kwa heshima. Halafu akasema basi ni jambo dogo: nikamwombe shemeji anirudishie, yeye atayafunga kwa nusu saa.

Nimwombe shemeji! Miezi minne nimewasimulia watu wote jinsi nilivyompunja. Nimemsimulia hata yeye.

Fundi akaona uso wangu. Akasema kama siwezi kuomba, basi nitembee polepole, arobaini kwenye kokoto, na tuta nilipande kama mtu anayeingia nyumba ya mgonjwa. Ushauri wa mtu asiye na maono. Nikamshukuru.

Mchana nilifungua stoo ya shule. Godoro moja la bweni, halitumiki. Nimelikata vipande viwili. Kipande cha tatu nimekitoa kwenye kiti cha Mwalimu Mkuu, sponji bora kuliko zote shuleni. Yuko semina mpaka Jumatatu. Nitakirudisha kabla hajakikalia. Nimevipanga vitatu kiti cha mbele, nikaweka trei juu. Getini, posta, kurudi. Mwendo sitini.

Sifuri! Mayai thelathini, nyufa sifuri! Nimepiga honi mpaka nyumbani.

Ijumaa, 9 Mei

Mayai hayana kichwa.

Sikuliona hilo. Mama alipandishwa juu ya sponji na watu wawili. Miguu ikaning'inia. Kilemba kikagusa paa. Akasema amepanda ngamia, lakini alisema kwa kucheka, na mimi nikacheka. Akanishika mkono. Akasema tukiwa njiani kesho kuna mambo ya Mama Mkubwa anataka kunieleza, ya sisi wawili tu, tangu nilipokuwa mdogo. Nikasema ndiyo Mama. Nikaondoa gari, kumrudisha kwa dada. Sitini.

Tuta la kwanza, paa. Tuta la pili, paa. La tatu akaniambia nisimamishe. Hakupaza sauti. Kilemba kilikuwa kimemfunika macho, nami nikakitazama badala ya kukiondoa.

Alishuka kwa fimbo yake. Nikamfuata kwa gari, polepole, mwendo wake wa kutembea, nikimsihi kupitia dirishani. Nilipita matuta manane hivyo. Sikusikia hata moja. Mama aliponiambia niangalie, hilo gari sasa linatembea vizuri, nilidhani ananikejeli.

Kwake alikaa kitandani akasema hana kinyongo. Akasema mwanangu, mimi nilitaka kwenda na wewe. Alisema kwa wakati uliopita.

Jumamosi, 10 Mei

Wamepita kwangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mama kiti cha mbele, dada nyuma na vikapu. Shemeji alishuka, akanifuata mpaka mlangoni. Akasema kiti cha nyuma kina nafasi. Akasema shemeji twende bwana, mama yako mkubwa ni wako. Akasema hata kama nataka kuendesha mimi, ufunguo huu hapa.

Nikasema nina kazi.

Jumamosi! Stoo imefungwa. Anajua. Akatikisa kichwa, akarudi garini. Wakaondoka taratibu. Kwenye tuta la mbele ya nyumba gari lilipanda na kushuka kama mtu anayevuta pumzi. Nikayatazama magurudumu. La nyuma kulia lina mkwaruzo mrefu, nilioutia mimi getini hapa, mwaka juzi.

Mchana niliosha rimu. Mke wangu alinitazama kupitia dirishani. Angesema neno, ingekuwa afadhali.

Jumapili, 11 Mei

Wamerudi. Mama amefika bila kushika ukuta. Amekaa, ameomba chai, amesimulia.

Mama Mkubwa haoni tena. Aliposikia gari aliuliza nani ameendesha, na kabla Mama hajajibu alinyoosha mikono akashika uso wa shemeji. Akasema Bwana Mipango, umekuja. Ndivyo alivyokuwa akiniita.

Shemeji hakumsahihisha. Alikaa miguuni pake mchana mzima akiwa mimi. Alikula kwa niaba yangu. Mama Mkubwa alimkumbusha mayai ya kuku wake aliyekuwa akiatamia, kumi na mawili, ambayo mimi, nikiwa na miaka saba, niliyapakia kwenye toroli na kuyashusha mlimani mbio, ili kumwonyesha kwamba nimebuni toroli lisilotikisa. Yote kumi na mawili! Nilikuwa nimelisahau kabisa. Yeye hakusahau. Alimwambia shemeji kwamba siku ile alimnyima mtoto neno mpaka jioni, na kwamba limemkaa moyoni miaka yote hii. Akaomba asamehewe.

Shemeji akasema amemsamehe. Angefanya nini?

Mama akasema hilo ndilo alilotaka kunieleza njiani. Dada yake alikuwa akiniulizia kwa ajili ya hilo, kila simu.

Baada ya chai shemeji alinivuta kando. Hakufanya mzaha. Akanipa kitu kimefungwa kwa gazeti: kijiko kidogo cha bati, mpini umepinda. Nilikuwa nakilia uji. Mama Mkubwa amekitunza. Shemeji akasema alipewa kwa jina langu, kwa hiyo si chake. Akasema pia kwamba magurudumu yangu ameyachoka, niyachukue, yanamharibia gari sura kwa unyenyekevu wake. Uongo mtupu. Yale ya kwangu yanayong'aa akasema nibaki nayo tu, yeye amekwisha kupata mengine.

Nilitaka kumwambia asante. Nikamwambia nitafikiria.

Jumamosi, 17 Mei

Wiki ya matokeo.

Jumatatu Mwalimu Mkuu alikalia ubao. Nimeandikiwa barua, nimeijibu.

Jumanne Fundi Subiri alifunga magurudumu yangu ya zamani. Nusu saa, kama alivyosema. Nililipeleka gari posta na kurudi: mayai mawili tu, kwa sitini. Sikuamini. Nilikaa ndani ya gari mbele ya nyumba nikiwa nimeshika usukani, nikafikiri juu ya Jumamosi iliyopita kwa muda mrefu. Ilikuwa kazi ya nusu saa.

Lakini mawili ni mawili. Si sifuri.

Alhamisi nikakutana na dereva wa mabasi ya masafa. Gerejini kwao wamevunja basi, ana kiti cha abiria, kinalala, kina sehemu ya kuegemeza miguu, mtu anakwenda humo siku mbili bila kujua ametoka nyumbani. Hataki fedha. Ametaka magurudumu. Si yanayong'aa, hayo aliyacheka. Ametaka yale meusi yenye tairi nene. Nimempa. Nimempunja vibaya! Rimu kubwa zimerudi mahali pake, na gari linapendeza.

Kiti hakiingii mlangoni. Fundi Subiri amenitazama, akasema subiri, akaingia ndani, hajatoka tena. Nitakata mlango mwenyewe.

Jioni hii Mama amepiga simu. Jumamosi ijayo wanakwenda tena. Mama Mkubwa amedhoofika. Watapita alfajiri. Akasema shemeji ameshakiacha wazi kile kiti cha nyuma, kwa ajili yangu, na safari hii nije, mwanangu, nije tu. Nikamwambia nafasi hiyo wapakie vikapu. Mimi nitawafuata kwa gari langu, likiwa tayari.

Akasema haya.

Mke wangu ameficha mayai. Si neno. Nimekiweka kijiko kwenye dashibodi, juu ya kisahani, kikigonga, nahesabu. Leo mpaka posta na kurudi, kwa sitini, kimegonga mara arobaini na moja. Zimebaki siku saba. Zinatosha.