Kichujio Kutoka Marseille

Jumapili, 9 Julai 2000. Moroni

Dada yangu Zahiya, salaam aleikum. Hujambo? Watoto huko Unguja hawajambo? Na goti lako? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila moyo unachemka. Kurasa hizi ni zako peke yako, nitampa mtu atakayekuja huko. Naandika Kiswahili ili Zaitoun asisome. Ni mke mwema, lakini akisoma atasema alinionya. Kweli alinionya. Hayo tuyaache.

Unajua nina duka la mtandao, kompyuta mbili, njia ya kwenda Itsandra. Watu wanakuja kuwaandikia ndugu zao walioko Marseille. Kazi ya heri! Sasa wamezuka vijana wa shule. Ati wanatafuta mambo ya jiografia. Jiografia gani inayomtoa mtu jasho? Jana nimechungulia. Astaghfirullah! Nikafumba macho, nikarudi kinyumenyume, nikamkanyaga mteja.

Kina mama wa mtaa wameshitaki kwa mkuu wa wilaya. Mbele yao Bi Moinafouraha, mwanamke mwenye sauti inayofika Itsandra bila simu. Wanataka maduka yote matatu ya mtandao, langu na ya wenzangu wawili, yafungwe. Mkuu katupa mpaka Jumamosi. Kasema tujichunge wenyewe, la sivyo atatuchunga yeye. Na huko kuchunga kwake ni mnyororo mlangoni!

Mimi bila duka ni nani? Mtu wa Mutsamudu, Mndzuani niliyekwama Moroni, na kisiwa changu kimejitenga na nchi. Ofisini hawanitaki. Sokoni wananiuliza narudi kwetu lini. Duka likifungwa, dada, nimekwisha.

Jumatatu, 10 Julai

Mkutano wa wenye maduka. Kwa nani? Kwa Bourhane, pale karibu na bandari ya zamani, kwa sababu ana mashine ya baridi. Mwenyekiti nani? Bourhane! Kwa sababu amefanya arusi kubwa, ile ya hapa kisiwani Ngazidja, ya ng'ombe na dhahabu na mji mzima kula. Asiyeifanya hukaa nyuma na kufunga mdomo, hata awe na ndevu mpaka kitovuni.

Nikainua mkono. Bourhane akaniambia Mndzuani nisubiri, wanaume waliooa bado wanasema. Nimeoa na mimi! Kwa mchele na kuku, lakini nimeoa! Anli, mwenye duka la tatu, akacheka mpaka akakohoa. Ana kompyuta moja, tena mbovu. Naye acheke!

Tumepatana hivi: kila mtu abuni njia yake ya kuwakinga watoto. Jumamosi tutaionyesha mbele ya kina mama na Fundi Soidri, mwalimu wa Kurani, aliyeteuliwa na mkuu. Njia itakayoshinda tutaifuata sote.

Nitashinda mimi. Kisha tuone nani atakaa nyuma.

Jumanne, 11 Julai

Nimepata wazo baada ya alfajiri. Nimechukua mashiromani mawili ya Zaitoun, zile nguo za kujitanda za wanawake wa kwetu, nimeyatundika kuzunguka kompyuta. Mtoto anayepita njiani asione kitu. Safi!

Mpaka adhuhuri foleni ilikuwa imefika kwenye duka la mkate. Wote vijana wa jiografia! Kumbe nimewajengea chumba cha faragha. Mmoja akanishukuru, akaniita baba. Nimewafukuza wote kwa fagio.

Zaitoun kaja kuchukua nguo zake. Kasema alipewa na mama yake kule Mirontsy ili ajisitiri yeye, si ili nimsitiri shetani.

Jumatano, 12 Julai

Leo kichujio nilikuwa mimi mwenyewe. Nimekaa nyuma ya kila mteja na msahafu, nasoma Yasini kwa sauti. Nani atathubutu?

Hakuna aliyethubutu. Hata wa halali! Mzee mmoja alikuwa anamwandikia mkewe aliyeko Marseille. Akanigeukia, akasema hawezi kumwambia mke wake maneno matamu huku anasomewa kama maiti. Akaondoka. Wakamfuata wote, kwenda wapi? Kwa Bourhane!

Jioni msikitini Bourhane kanishika mkono. Kasema ananishukuru kwa kisomo, maana leo duka lake limejaa baraka. Nimeswali kwa shida. Mungu anisamehe, nilipofika kwenye sijda nilikuwa bado namjibu.

Alhamisi, 13 Julai

Allahu akbar! Binamu yetu Abdoulhamid wa Marseille kaniletea diski kwa mgeni aliyeshuka leo kwa ajili ya arusi. Ndani yake kuna kichujio cha kweli! Kinatazama rangi ya ngozi katika picha. Kikiona ngozi nyingi, kinaifunika kwa wekundu, kinapiga kengele, kinaandika kwa Kifaransa: Picha hii haifai. Mwite mzazi wako.

Nimekijaribu. Nina skana, ile mashine ya kuingiza picha ndani ya kompyuta. Bourhane hana! Nikaweka kopo la dagaa lenye picha ya Mzungu kifua wazi. Kengele! Nikaweka kalenda ya Makka. Kimya. Dada, hiki kichujio kina dini!

Zaitoun akasema nijaribu na picha ya watu wetu. Nikamjibu kuwa uchi ni uchi, hauna kabila. Wanawake na mashine!

Nimepita kwa kina mama nyumba kwa nyumba kuwaalika. Nimempa fundi wa mabango kibao akichore: Mwenyekiti. Rangi ya dhahabu.

Jumamosi, 15 Julai

Sijui nianzie wapi. 

Wamejaa dukani mpaka barabarani. Fundi Soidri kwenye kiti, kina mama nyuma yake, Bourhane na Anli mlangoni. Nimehutubia vizuri sana. Bi Moinafouraha akanikatiza. Ana bahasha ya picha za binti yake Naouele, bibi harusi, zinangojwa leo Marseille kwa upande wa bwana harusi. Akataka nizitume kwanza. Nikafurahi! Nikawaambia watazame wenyewe jinsi picha ya halali inavyopita kama maji.

Pichani Naouele kakaa, dhahabu shingoni, buibui mpaka kidevuni, uso mzima umepakwa msindzano, ule msandali wa kusaga, wa manjano, mzito, unaong'aa. Mtoto mzuri, mashallah. Kompyuta ikafikiri. Ikafikiri tena.

Nyekundu! Kengele!

Fundi Soidri, maskini, anajua Kifaransa, akataka kusaidia. Akawafasiria watu kwa sauti: picha hii haifai, mwite mzazi wako.

Bi Moinafouraha akapiga ukelele kwamba mzazi ni yeye na ameshakuja! Akauliza mwanawe ana uchafu gani. Nikamweleza kwa upole kwamba kichujio kimeona ngozi nyingi. Akauliza ngozi ipi, pua? Nikaweka picha ya pili. Kengele. Ya tatu ilikuwa ya shangazi zake saba, hao hao waliosimama nyuma ya Fundi, wote wamepaka msindzano. Hiyo kengele haikunyamaza, jirani akaja na ndoo ya maji akidhani ni moto.

Nikatambua kosa. Si langu! Kichujio kimetengenezwa kwenye nchi za baridi, kinadhani ngozi ya binadamu ni ya manjano-manjano. Nikatoa ushauri wa kitaalamu: bibi harusi anawe uso, apigwe picha upya.

Dada, kina mama wakanigeukia wote kwa pamoja.

Halafu Bi Moinafouraha akasema polepole, ili kila mtu asikie, kwamba sisi Wandzuani tumejitenga na nchi, haikututosha, sasa tumekuja kumtenga bibi harusi na msindzano wake. Shangazi wa kwanza akamwambia aniache, ati huyu anaoga maziwa awe mweupe kama Mzungu. Shangazi wa pili akaniuliza kama mke wangu nilimwoa akiwa ameshanawa uso.

Hapo Bourhane akakaa kwenye kompyuta ya pili, nayo ina kichujio, akafungua kule wanakokwenda wale vijana. Akatokea mwanamke wa rangi yetu, hana hata kitambaa. Kengele? Kimya! Kichujio kimelala! Fundi Soidri akavua kofia yake, akaifunika skrini. Kofia ndogo. Hakujua aiweke upande gani, akawa anaihamisha huku na huku, macho kafumba.

Bourhane akaeleza njia yake. Ameondoa mapazia, amegeuza meza, skrini zote zinatazama barabarani. Ati Moroni hii hakuna kijana ambaye mpita njia hamjui mama yake. Basi! Wakampigia vigelegele! Hiyo ndiyo elimu? Ni kusukuma meza!

Wakaniambia nigeuze meza zangu, nimwombe radhi Bi Moinafouraha na binti yake mbele ya watu, duka libaki wazi. Bourhane mwenyewe akanitetea, akasema Idarousse ni mtu mwema, shida yake ni kichwa tu.

Kichwa tu! Nikakataa. Mimi nimwombe radhi kwa kosa la Mfaransa? Watu wa mkuu wakafunga mnyororo mlangoni kabla ya laasiri.

Jumatatu, 17 Julai

Fedheha. Nimeamka duka liko wazi. Zaitoun jana alikwenda kwa Bi Moinafouraha na sinia la mikate ya mofa, akaomba radhi kwa niaba yangu. Mimi sikumtuma! Wamekumbatiana, wamelia, wamecheka, na sidhani kwamba walimcheka Mfaransa. Meza zimegeuzwa. Wateja wamejaa. Vijana wanasoma jiografia ya kweli, mmoja nimemwona anachora mto.

Zaitoun kaniambia nikae nipumzike, nitulie. Nitulie? Duka langu linachungwa na meza!

Nimeomba kompyuta moja, nirudi nayo kwetu. Kanipa upesi mno.

Jumamosi, 29 Julai. Mutsamudu

Nimefika, dada, leo siku ya nne. Kwa vikwazo tulivyowekewa kwa kujitenga, meli hazitaki kuja huku, nimepanda boti ya vitunguu na kompyuta mapajani. Mji wetu unauma moyo. Petroli hakuna, umeme unakuja unapotaka, na simu ya nje imekatwa. Watu wana miezi hawajasikia sauti za watoto wao.

Nimefungua duka pale uchochoroni, nyumba ya marehemu baba. Sina waya wa simu. Kwa hiyo hakuna picha inayoingia. Hata moja! Nimekaa siku nzima mbele ya kompyuta, hakuna uchafu uliopita. Bourhane akisikia hili atakula kofia yake! Nimeunda hata chama cha wenye maduka ya mtandao Mutsamudu. Mwenyekiti ni mimi. Wanachama pia.

Bibi mmoja kutoka Mirontsy kaja kwa miguu anataka kumpelekea salamu mwanawe Marseille. Nimemweleza kuwa salamu haziendi, lakini watoto wa hapa wako salama. Kaniuliza salama na nini. Sikumjali.

Leo baada ya adhuhuri nimesimama msikitini. Huku nina sauti! Nimewaomba wakubwa wa kisiwa, siku mapatano yakija na vikwazo vikiondoka, simu wasiirudishe. Kwa ajili ya watoto. Wamenitoa nje kwa mabega, viatu vyangu vimenifuata hewani, kimoja bado sijakiona. Wivu mtupu! Wamemtuma mtu Moroni amwambie Zaitoun aje anichukue.

Dada, wewe umekaa na watu wenye akili. Nijibu upesi, uniambie nani mwenye haki.

Ndugu yako, Idarousse